Lenana au Uhuru? Kabla ya kuchagua nchi, hesabu mtalala wapi

*"Sisi ni marafiki sita, wanne tuko Mombasa na wawili Tanga. Tumechanga tangu mwaka jana kwa ajili ya safari moja ya nguvu, na tumechagua wiki inayoanza tarehe 6 Desemba ili tarehe 9 au 12 itukute kileleni na bendera zetu zote mbili. Ubishi uliobaki ni wa nchi. Wa Tanga wanataka Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku tano. Sisi wa Mombasa tunasema Mlima Kenya ni mfupi kwa karibu kilomita nzima, kwa hiyo ni rahisi: siku tatu tumeshashuka, pesa inabaki, na siku zilizosalia tunaendesha baiskeli Hell's Gate na kupiga mbizi Kisite. Mimi nina miaka 38, nakimbia kilomita kumi karibu kila asubuhi, kwa hiyo sina wasiwasi na nafsi yangu. Mke wangu naye anakuja. Alipokuwa mjamzito alipimwa akaambiwa amebeba selimundu, ila haumwi chochote. Je, tumeze dawa ya mlima au tangawizi inatosha? Na nchi ipi ina mlima ulio salama zaidi kwa watu wa pwani?"*

Ndugu yangu, ubishi wenu naujua. Nimeongoza wapandaji pande zote mbili za mpaka, na kundi likishachanganya Wakenya na Watanzania, mjadala wa kwanza ni huo huo. Tarehe zenu nazo zina mvuto wake: Luteni Alexander Nyirenda alipeleka bendera ya Tanganyika na mwenge Kilimanjaro kwa ajili ya uhuru wa 9 Desemba 1961, na Kisoi Munyao akaipandisha ya Kenya kileleni Lenana, Mlima Kenya, kwa ule wa 12 Desemba 1963. Ninyi mna haki ya kujivunia vyote viwili.

Lakini swali lako la mwisho halijibiki kwa jina la nchi. Mtu anaweza kufia kwenye mlima wowote kati ya hiyo miwili, na anaweza kushuka wowote akiwa anacheka. Kinachoamua ni mtalala mara ngapi njiani, na katika mwinuko gani, kabla ya usiku wa kwenda kileleni. Kwa kipimo hicho, mpango wenu wa siku tatu Mlima Kenya ni wa hatari, na Marangu ya siku tano inaufuata kwa karibu.

Wengi hudhani huko juu oksijeni imeisha. Haijaisha. Ni karibu asilimia 21 ya hewa pale Likoni na ni karibu asilimia 21 kileleni Uhuru, juu ya Kilimanjaro. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ule unaoisukuma oksijeni ipite kwenye mapafu iingie kwenye damu. Horombo, kituo cha pili cha Marangu kilichoko mita 3,720, mgandamizo ni kama theluthi mbili ya ule wa Mombasa. Lenana, mita 4,985, ni zaidi kidogo ya nusu. Uhuru, mita 5,895, ni karibu nusu. Kwa hiyo tofauti ya hizo mita mia tisa ipo na utaihisi miguuni, ila mwili wa mtu wa pwani unakuwa umeshaanza kuhangaika mapema sana, mita elfu moja au mbili chini ya kilele chochote kati ya hivyo.

Mwili unajiteteaje? Kwanza unahema haraka zaidi, hata ukiwa umekaa. Kuhema huko kunatoa kabonidioksidi nyingi kuliko kawaida, damu inabadilika ukali wake, na ubongo ukigundua hivyo unakanyaga breki: punguza kuhema. Breki hiyo utaiona usiku. Mwenzako hemani anahema kwa kasi, kisha kimya, sekunde zinapita mpaka unataka kumtikisa, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kubwa. Wanandoa wanatishana sana kwa jambo hilo, na mara nyingi ni kawaida ya mwinuko tu. Wanaoilegeza breki ni figo, kwa kumwaga bikaboneti kwenye mkojo, na kazi hiyo inachukua siku kadhaa. Chembe nyekundu mpya za damu, zile ambazo watu hupenda kuzitaja, zinachukua wiki. Safari yenu itakuwa imekwisha. Kwa hiyo ukilipia usiku wa ziada mlimani, unachonunua hasa ni muda wa figo zako kufanya kazi.

Ndiyo maana kanuni inayokubalika kwa madaktari wa milimani imekaa kwenye mahali pa kulala. Ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne rudia usiku mmoja mahali pale pale. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, mradi ushuke kulala.

Sasa weka mipango yenu kwenye kanuni hiyo. Siku tatu Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon maana yake mnatoka getini, mnalala Old Moses, mita 3,300. Kesho yake mnatembea bonde refu la Mackinder mpaka Shipton's, mita 4,200. Hapo mmeruka mita 900 kwa siku moja, na saa tisa usiku mnaamshwa kwenda Lenana. Mtu ambaye juzi yake alikuwa anakunywa madafu ufukweni anapelekwa karibu mita 5,000 baada ya kulala mara mbili tu. Kichwa kitamgonga, na akibahatika kitakuwa hicho tu. Ufupi wa Mlima Kenya ndio mtego wake: kwa kuwa njia inapandika haraka, watu wanaipanda haraka.

Marangu ya siku tano nayo: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Unaruka mita elfu moja, unaruka elfu moja tena, kisha usiku huo huo mita 1,175 za changarawe inayoteleza, giza, baridi na usingizi. Wanaoishia Gilman's, kwenye mdomo wa kreta, wakiwa wanatapika kwenye theluji, wengi wao hawana udhaifu wowote. Ratiba ndiyo iliyowapeleka hivyo. Ongeza usiku wa pili Horombo na njia hiyo hiyo inakuwa mlima mwingine. Machame ya siku saba au Lemosho ya nane ni bora zaidi, kwa sababu unapandishwa Lava Tower, karibu mita 4,600, ukale chakula cha mchana na kichwa chako kizito, kisha unashushwa kulala Barranco chini ya mita 4,000. Ada za hifadhi ya Kilimanjaro hulipwa kwa siku, hivyo kampuni inayotaka kukupa bei ya kukufurahisha ina njia moja rahisi: inakata siku. Ukiona bei imeshuka sana, hesabu siku kwanza, halafu uliza wagumu, yaani wapagazi, wanalipwa nini.

Kuhusu mbio zako za asubuhi, hongera, miguu itakushukuru wakati wa kushuka. Ila hazikukingi na ugonjwa wa mwinuko. Ninaowahofia zaidi kwenye kundi ni vijana wenye pumzi, kwa sababu wanafika kambini saa mbili kabla ya wenzao na wanaficha kichwa kinachouma wasionekane legelege. Pole pole ya waongozaji siyo maneno ya kuwaburudisha watalii. Mkiwa mnatembea mnapaswa muweze kuongea sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa kuimaliza, punguza mwendo.

Tangawizi ni nzuri kwa baridi na inatuliza tumbo. Haizuii ugonjwa wa mwinuko, na supu ya kitunguu saumu haizuii vilevile. Maji nayo yamepewa sifa zisizo zake: kunywa kiasi cha kufanya mkojo uwe mweupe, basi, maana kujilazimisha lita nyingi kupita kiasi kunaweza kukuletea ugonjwa mwingine kwa kupunguza chumvi ya damu. Dawa yenye ushahidi ni asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Inazihimiza figo zifanye ile kazi niliyoeleza, na kwa kinga kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa sana, vidole vitawasha kama vimekufa ganzi, na soda itapoteza ladha. Hiyo isikutishe. Kinachohitaji daktari kabla hujaimeza ni kama uliwahi kuvimba au kutoka vipele kwa Septrin au Fansidar, kama una ugonjwa wa figo, au kama unatumia dawa nyingine. Kwa ratiba nzuri wengi hawaihitaji, na kwa ratiba mbovu haitawatosha.

Sasa shemeji. Hapa naomba msikimbie. Kubeba selimundu si kuugua selimundu, na wabebaji wengi wamepanda milima mirefu bila tatizo. Lakini oksijeni ikipungua, mwili ukikauka na misuli ikifanya kazi nzito, chembe za mbebaji zinaweza kubadilika umbo na kuziba mishipa ya bandama. Hutokea kwa nadra, na ikitokea dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, mara nyingine na kichefuchefu. Mtu mwenye maumivu hayo anashushwa saa hiyo hiyo, hasubiri asubuhi. Nawe usitegemee kumbukumbu ya kliniki ya wajawazito. Aende hospitali apimwe aina ya himoglobini, maana mwenye AS (mbebaji) na mwenye SC (aina ya ugonjwa wa selimundu) wote wanaweza kuwa wameishi miaka bila kuumwa sana, ilhali wa pili ni mgonjwa na hapaswi kwenda kwenye mwinuko huo kabisa. Majibu hayo ayapeleke kwa daktari wa damu, na mazungumzo yawe ya ana kwa ana. Mimi ni mwongozaji wa mlima, na hakuna mwongozaji anayepaswa kumwambia "twende tu".

Kama daktari atamwekea mpaka wa chini, bado kuna mlima wake. Kutoka geti la Marangu mpaka Mandara na kreta ya Maundi ni matembezi ya siku moja ndani ya msitu, chini ya mita 3,000, wenye mbega weupe juu ya miti, na hewa ikiwa safi kilele cha Mawenzi kinaonekana. Usambara nako, kutoka Lushoto kuelekea Mtae, mnatembea kijiji kwa kijiji, mnakula kwa watu, na jirani wa Tanga wanaijua njia. Mimi binafsi naona Usambara inadharauliwa bure na watu wanaotafuta picha ya kibao cha kileleni.

Tukilinganisha nchi zenyewe sasa, kwa haki. Kwenu Mombasa, mlima wa karibu ni wa jirani: kupitia Voi, Taveta na Holili mpaka Moshi ni kama kilomita 300, wakati Nanyuki, lango la Sirimon, ni zaidi ya 650, yaani treni mpaka Nairobi kisha matatu. Wa Kenya mtahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria kuingia Tanzania, kwa sababu kitambulisho peke yake hakitoshi kama mnavyozoea kwenda Uganda, na kadi ya homa ya manjano huulizwa. Wa Tanga vivyo hivyo wakija Kenya. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo kuliko wageni wa mbali pande zote mbili, mradi mkiwa na vitambulisho getini. Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji mwenye leseni, na msafara unakuwa na mpishi na wagumu ambao mizigo yao hupimwa. Mlima Kenya una uhuru zaidi na watu wachache, na gharama yake kwa jumla iko chini. Kwa uzuri wa njia mnisamehe wa Tanga: kushuka Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, huku Ziwa Michaelson liko chini ya genge na lobelia zimesimama pembeni kama walinzi, hakuna siku moja ya Marangu inayoifikia. Pale Shipton's, pimbi watawapandia mezani, fungeni mabegi. Lakini Kilimanjaro ina kile ambacho Lenana haina, kusimama juu ya bara zima, na najua kuna mtu kati yenu sita ambaye hatatulia mpaka akifike.

Mna wiki moja tu, pamoja na siku za barabarani. Wiki hiyo haitoshi Kilimanjaro salama. Inatosha Mlima Kenya kwa siku tano za mlimani: kwanza usiku mmoja Nanyuki, karibu mita 1,900, kisha Old Moses mara mbili, mkitumia siku ya kati kupanda kilima cha karibu na kurudi, kisha Shipton's mara mbili, Lenana alfajiri ya siku ya tano na kushuka siku hiyo hiyo hadi bandani kwenye geti la Chogoria. Ile ruka ya mita 900 bado ipo, sitakuficha, ila mnaingia nayo mkiwa na miili iliyoanza kuzoea, na mnapata siku nzima Shipton's kabla ya kilele. Anayeamka na kichwa kizito siku hiyo anabaki. Kama kwa ubishi lazima iwe Tanzania na siku ni hizo hizo, basi nendeni Mlima Meru wa Arusha, si Kilimanjaro. Mnalala Miriakamba mita 2,514, Saddle mita 3,570, kilele mita 4,566, na mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Kwa mwinuko wa kulala, Meru iko chini kuliko njia zote za kileleni nilizotaja, ingawa ukingo wake wa mwisho unahitaji mtu asiyeogopa kimo.

Desemba ya mwanzoni sipendi. Vuli mara nyingi bado haijaisha, na nguo zikilowa mita 4,000 mtu wa pwani anapoa upesi. Sogezeni mpaka mwishoni mwa Januari au Februari, bendera hazitachacha. Makoti tafuteni mitumba ya Kongowea mapema, mkiacha jinzi na fulana za pamba nyumbani, au kodini Nanyuki au Moshi.

Hell's Gate kwa baiskeli ni siku nzuri na haina mwinuko wa kutisha. Korongo lake la ndani ndilo msiliingie kukiwa na wingu juu ya vilima, hata kama mlipo ni jua. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019. Kupiga mbizi iwe mwisho wa safari. Gesi ya naitrojeni inayobaki mwilini baada ya mbizi hupanuka ukipanda juu, kwa hiyo kati ya Kisite na mwinuko wowote, hata Nairobi, acheni angalau saa 24. Mkitoka mlimani kwenda baharini hakuna tatizo hilo.

Mwisho, nani anashuka na lini. Kichwa kuuma peke yake, ukiwa unakula na kucheka, unabaki ulipo, unameza parasetamoli, hupandi mpaka kiishe. Kichwa pamoja na kutapika au uchovu usioisha kwa kupumzika: shuka, hata mita 500 zinasaidia. Akianza kuyumba, mchoreeni mstari ardhini atembee kisigino kwa kidole. Akishindwa, au akiongea mambo yasiyoeleweka, ubongo umevimba. Akihema kwa shida akiwa amekaa, na kikohozi kinaleta povu, mapafu yanajaa maji. Hao wawili wanashuka usiku huo huo wakiwa na mtu, kwa miguu au kwa machela, na wanakwenda hospitali hata wakipata nafuu njiani. Kipima oksijeni cha kidoleni kisimwambie mtu wa namna hiyo kwamba yuko sawa. Na kwa kuwa mnatoka pwani: homa kali mlimani au wiki chache baada ya kurudi msiiite mlima. Pimeni malaria kwanza.